Ndoo ya Mwisho ya Klorini Kasulu

Ndoo ya mwisho ya klorini katika mji wa Kasulu niliipata kwa kumng'ata mtu mkono. Nilimng'ata mpaka nikaisikia chumvi ya damu yake ulimini, na sikuachia hadi yeye alipoachia. Mtu huyo alikuwa kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Wengi nikiwasimulia huanza kwa kucheka, wakidhani ni kisa cha ndoo. Mimi najua ni kisa cha jinsi nilivyokaribia kumuua kaka yangu, na haikuwa kwa meno.

Kazi yangu ni kutunza bwawa la kuogelea. Nami nacheka nikiandika hivyo. Sisi ni watu wa Busunzu, wajukuu wa wakimbizi wa Burundi, siku hizi raia wenye vitambulisho, na kwetu maji yanapandishwa mlimani kwa kichwa. Shangazi yangu nilipomweleza kwamba nalipwa kuosha maji, aliniuliza kama maji nayo huchafuka kwa kuogewa tu, na kama ndivyo, kwa nini wasimwagilie migomba wakateka mengine.

Kaka ndiye aliyetangulia kwenye kazi hii. Aliajiriwa Kibondo katika hoteli iliyojengwa wakati wageni wa mashirika walipojaa kwa ajili ya kambi ya wakimbizi ya Nduta. Alipoisikia nyumba ya wageni ya Kasulu inatafuta mtu, akanipeleka yeye mwenyewe, akanifundisha kwa wiki nzima. Kuvua majani kwa wavu. Kusugua kuta kwa brashi ndefu. Kupima maji kwa kichupa. Kumwaga klorini jua likishaanza kupoa. Akanionya pia: "Dawa hii haina ndugu. Usiichanganye na kitu chochote ila maji, tena maji mengi." Nikaelewa kwamba nisiichanganye na sabuni wala mafuta ya taa. Klorini kwa klorini haikunijia akilini kuwa ni kuchanganya.

Hapo lazima nimtaje mama, maana kosa langu lilitoka kwake, ingawa yeye hana kosa. Mama alikuwa mpika rubisi, pombe yetu ya ndizi, na Busunzu nzima iliijua. Chungu chake hakikuoshwa kamwe. Daima alibakiza machicha ya pombe ya zamani chini, akamiminia juu yake maji ya ndizi mapya, akafunika kwa majani ya mgomba na kuweka jiwe. "Kipya hakiamki chenyewe," alikuwa akisema, "kinaamshwa na cha zamani." Kisha alikuwa akiweka kiganja ubavuni mwa chungu. Akikuta kimepata joto, alitabasamu. Mimi mkono wangu ulijifunza joto lile kabla sijajua kusoma.

Na mimi mwenyewe alinitania kwamba nachemka bila moto. Hakukosea. Hasira nimezaliwa nazo. Darasa la tatu nilimpasua mwenzangu kichwa kwa kibao cha dawati kwa sababu alikalia nafasi yangu. Mume niliyekuwa naye alinipiga kofi mara moja tu. Alilala na jino moja pungufu, na asubuhi kila mtu akaenda kwao. Sijivuni, nasema nilivyo. Kaka peke yake ndiye aliyeweza kunishika bega nikatulia.

Mwaka ule mvua zilianza kwa fujo, na nyuma ya mvua ukaja uvumi wa kipindupindu. Watu wa afya wakakusanya klorini ya visima na ya hospitali. Halafu redio ikasema mzigo mpya umekwama bandarini, haijulikani lini utafika. Basi wenye mabwawa wakapatwa na wazimu. Mmoja, mstaafu mwenye kitambi na fimbo, alinunua ndoo nane kwa mkupuo, na bwawa lake lilikuwa bado shimo, mbuzi amefungwa ndani yake. Mwingine alijaza chumba cha kulala mpaka mkewe akahamia sebuleni kwa harufu. Kila aliyesikia mwenzake amenunua naye alikimbia kununua. Wanawake waliokuja na vidumu kutafuta dawa kidogo ya maji ya kunywa walifukuzwa kwa matusi. Mmoja alitemea mate kiatu cha yule mstaafu, akamwambia, "Sisi tunakunywa tope, ninyi mnaoga dawa." Alipigwa fimbo ya mgongo. Nilisimama pale na sikufanya kitu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeifuata ndoo.

Bosi wangu ni mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulitoka Tanga zamani. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na sherehe ilipangwa kando ya bwawa. Jumatano akaniita. Maji yalikuwa yameshaanza kugeuka, rangi ya mchuzi wa kisamvu, na vyura wameshapata habari.

"Binti," akasema, "Jumamosi nataka mtu akidondosha sindano aione chini. Wageni wanatoka Tanga, wamezoea bahari hao. Yakibaki hivi, wewe usinitafute. Chukua virago, rudi Busunzu ukatunze mihogo."

"Sawa, mzee."

"Sawa ya mdomo siitaki. Nenda kalete dawa."

Duka la pembejeo lililokuwa likiuza klorini lina mlango mmoja wa chuma. Nilipofika saa tatu asubuhi, pale nje palikuwa na watu kama thelathini, madereva wa wakubwa, wapishi wa hoteli, hata mwanakwaya mmoja aliyetumwa na nyumba ya mafungo. Na kaka yangu alikuwepo. Alikuwa ametoka Kibondo na basi la alfajiri, ametumwa na bosi wake kwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Tulikumbatiana. Tulicheka jinsi maisha yetu yote mawili yalivyoning'inia kwenye maji ya kijani. Akanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchemsha.

Mwenye duka akafungua mlango kidogo, akatoa kichwa. "Imebaki ndoo moja. Sina nyingine, wallahi."

Alitaka kufunga, hakuwahi. Dereva mmoja aliupiga mlango teke, ukagonga vidole vya mwenye duka kwenye fremu, na kilio alichotoa ndicho kilichotuachia kamba. Tuliingia wote kwa mara moja. Mpishi wa hoteli alimshika mwanakwaya koo. Mtu alivunja chupa ya dawa ya kupe, tukawa tunateleza juu yake. Nilipigwa kiwiko cha jicho, nami nikampiga goti sijui nani, nikasikia pumzi imemtoka. Rafu ya mbegu za mahindi ilianguka. Chini yake niliiona ndoo, nyeupe, ina kifuniko chekundu na maandishi ya kigeni, nikaikumbatia kwa mikono miwili na kuilalia.

Mkono ukaja kuivuta. Niliujua ule mkono. Una kovu la jembe kwenye kidole gumba, na ndio ulionisuka nywele nilipokuwa mdogo, vibaya kweli, maana hakukuwa na mwingine wa kunisuka.

"Mushiki, acha!" kaka alipiga kelele. Mushiki ni dada, kwa Kiha chetu. "Acha kwanza, hii siyo ile—"

Nilijua ni ujanja. Nilisema moyoni, hata wewe! Ndipo nikamng'ata.

Nilitoka na ndoo. Sikugeuka nyuma. Nilipanda bodaboda nimeipakata, damu yake imenikauka kidevuni. Bosi alifurahi akanipigia makofi kama mfunga goli.

Katika ukoo wetu kuna sharti. Ndugu wakitoana damu, aliyemwaga damu hafungui mdomo mbele ya mwenzake mpaka wanywe chungu kimoja kwa mrija mmoja. Aliyeumizwa anaweza kusema, anaweza hata kutukana, lakini aliyeumiza yuko kimya. Na pombe inaletwa na aliyeumizwa, maana yeye ndiye mwenye msamaha wa kutoa. Kazi ya mkosaji ni kunywa tu. Mama aliwahi kukaa kimya mwezi mzima mbele ya dada yake kwa ajili ya ugomvi wa shamba, wakipishana kisimani, mmoja anasema na mwingine anatikisa kichwa. Sharti hili limezuia mapanga mengi. Halikuwahi kufikiriwa kwamba mtu aweza kujificha ndani yake.

Alhamisi asubuhi niliifungua ndoo. Klorini yetu ya siku zote ni chengachenga, kama sukari. Hii ilikuwa vidonge, vikubwa, vizito, kama vipande vya chaki ya fundi. Sikujali. Niliweka vidonge kwenye kinu cha jikoni nikavitwanga, na kwa kila pigo nilikuwa nikiona uso wa mtu: mstaafu na fimbo yake, bosi na sindano yake, kaka na mkono wake. Nilitwanga mpaka mabega yakauma na macho yakatiririka.

Katika chumba cha pampu kulikuwa na pipa la bluu, na chini yake yamebaki machenga ya zamani, kiasi cha robo, yameshikana kidogo kwa sababu bati la pale linavuja. Kuyatoa sikuona haja. Nilimimina unga mpya juu ya yale ya zamani. Mkono wangu ndio uliofanya hivyo, mkono wa binti wa mpika rubisi. Nikakoroga kwa mti, nikabana kifuniko, nikaweka jiwe.

Baadaye kidogo nilirudi kuchukua brashi, nikapitisha kiganja ubavuni mwa pipa. Lilikuwa na joto.

Nilitabasamu. Namwambia ukweli yeyote anayesoma: nilitabasamu kama mama. Nilijisemea, imeamka.

Kaka alikuja yapata saa nne. Alikuwa amelala kwa muumini mwenzake wa kanisani, mkono umefungwa kitambaa cha kanga, na mkono wa pili amebeba kidumu cha rubisi na mrija mmoja wa tete. Aliingia kwa geti la nyuma, akaja hadi ukingoni mwa bwawa nilipokuwa nasugua ukuta, akakiweka kidumu chini katikati yetu. Akachuchumaa.

"Mushiki, njoo unywe tuongee."

Nilisugua.

"Ndoo nimekuachia. Bosi wangu nitajua cha kumwambia. Njoo unywe."

Sikutaka msamaha wake. Nilikuwa bado namuona amenivuta ndoo mbele ya watu, yeye niliyemtegemea kuliko wote, na nilitaka akae pale na kidumu chake achakae. Nilijua fika kwamba mpaka ninywe siwezi kusema, na nilifurahi kwamba siwezi kusema. Hasira yangu ilikuwa imepata nyumba yenye mlango wa kufunga.

Akaangalia maji. Akaangalia chumba cha pampu. Sauti yake ikabadilika.

"Ile dawa ni ya vidonge. Nilikuwa nakwambia jana dukani. Siyo jamii ya ile yetu. Umeichanganya na ya zamani?"

Nilisugua ukuta.

"Nakuuliza. Umeichanganya na ya zamani?"

Nikampa mgongo. Nilisikia anasimama. Nilisikia goti lake likilia kama kawaida yake.

"Mwana wa mama, tikisa kichwa tu. Umeichanganya?"

Kutikisa kichwa kunaruhusiwa. Mama alikuwa akitikisa. Shingo yangu ilikuwa nyepesi, haikuwa na ugonjwa wowote. Niliikaza.

Basi akaenda kuangalia mwenyewe. Nilihesabu hatua zake kwa masikio. Nilisikia jiwe likiondolewa, likiwekwa sakafuni taratibu, maana ni mtu wa taratibu. Nilisikia kifuniko kinazungushwa.

Mlio haukuwa mkubwa kama watu wanavyosimulia mjini. Ulikuwa kama gurudumu la lori likipasuka. Mlango wa chumba ulitoka na bawaba zake, moshi wa kijani na njano ukamwagika nje, na ndani ya moshi akatoka kaka, mikono usoni, shati linafuka. Alitoa sauti ya ng'ombe anayechinjwa na kisu butu. Kifua changu kiliungua kwa kuvuta pumzi moja tu. Nilimkamata ukosi, nikamvuta, akaanguka, nikamburuta juu ya sementi magoti yakichunika, nikamsukuma bwawani, nikarukia juu yake. Nilimzamisha. Alinipiga ngumi, alidhani namuua. Nikamtoa akohoe, nikamzamisha tena, nikimfumbua macho kwa vidole ndani ya maji yale ya kijani, tena na tena, na vyura wanaruka pembeni.

Bosi alikuja mbio akishika kichwa. Alichosema kwanza ni, "Ukuta wangu!" Brashi ilikuwa inaelea karibu yangu. Nilimrushia kwa mpini, ikampata juu ya nyusi, akakaa chini na damu inamtoka. Kisha yeye yuleyule, na damu ile, ndiye aliyeleta gari na kuendesha hadi hospitali, akipiga honi njia nzima na kuniambia nisiache kumwagia maji. Mtu ni vitu vingi.

Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha. La kulia hajui, tusubiri. Alisema kama si kuzamishwa kwenye maji mengi papo hapo, yangekwenda yote mawili na labda mapafu nayo. Aliniuliza kama maji yalikuwa safi. Nililia kwa sauti, na muuguzi akanitoa nje.

Jumamosi harusi ilihamishiwa ukumbini. Hakuna mgeni hata mmoja wa Tanga aliyeuliza habari za bwawa. Bosi hakunifukuza, ana kovu juu ya nyusi na tukikutana hulikuna, basi. Wiki chache baadaye malori yakaleta klorini mpaka mwenye duka, vidole vyake bado vimefungwa, akazipanga ndoo nje barabarani kwa kukosa nafasi, na watu wakawa wanakalia ndoo hizo wakisubiri basi. Yule mstaafu alitaka kurudisha zake. Hazikupokelewa.

Lakini ninachotaka kusimulia ni siku ya tatu hospitali. Siku mbili zote nilikaa kando ya kitanda chake bila kusema neno. Alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili, haoni kama nipo. Alikuwa akipapasa shuka. Wagonjwa wenzake wakadhani mimi ni bubu. Sharti lilikuwa bado limenishika, na safari hii nilikuwa nalilia liniachie. Siku ya tatu nilirudi kwenye nyumba ya wageni, nikachukua kile kidumu alichokiacha ukingoni mwa bwawa, na mrija, nikakiingiza wodini chini ya kitenge. Muuguzi alikiona. Akafungua mdomo kunifukuza, akaniangalia usoni, akaenda dirishani akanipa mgongo. Alikuwa Mha, mila hii aliijua.

Nilimwekea kaka mrija midomoni. Midomo ilikuwa imevimba na kupasuka. Alijua ladha. Alivuta kidogo, akakunja uso kwa maumivu, kisha akausukuma mrija kwa ulimi uje kwangu. Nikanywa. Ilikuwa imeshakuwa chachu kabisa, siki tupu. Nilikunywa kama maji ya uzima.

Mkono wake ukapapasa mpaka ukaupata wangu. Ulikuwa ule wenye meno yangu.

"Mushiki."

"Naam, kaka."

"Uliichanganya na ya zamani?"

"Niliichanganya."

Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka chini ya shuka. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, anipige, anivunje mkono kama angeweza.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema.